Mpwa Wangu na Koo la Subaru

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa habari za tungo, vina na mizani, na wako walioniandikia kunilaumu kwamba nimekuwa mkali mno kwa vijana wanaoghani bila kujua mshororo unabeba mizani mingapi. Leo nawapumzisha. Leo sina shairi, nina chuma. Nataka kuzungumza nanyi juu ya kipande cha aluminiamu kinachoshikika kwa mkono mmoja, kilichonunuliwa kwa thamani ya mbuzi kumi wazima, ambacho nusura kitufanye tumkose mtoto wa watu usiku mmoja katika mchanga wa Leparua.

Atakayesema, "Maalim, hayo si ya ukurasa wa utamaduni," naye avumilie kidogo. Vijana wetu wa Kibokoni, wa Majengo na wa Kisauni, wakikaa barazani baada ya sala ya isha, wanazungumza mashairi kwa dakika ngapi na magari kwa saa ngapi? Kinachozungumzwa barazani ndicho utamaduni, tupende tusipende. Nami nikikataa kukizungumza, watakizungumza bila ya sisi wazee, na muuza vipuri ndiye atakayekuwa sheikh wao.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu yangu wa kunyonya alihamia Isiolo zamani, akaoa huko kwa Waborana, akapata watoto, mifugo na mvi. Mwezi wa Agosti 2024 alituita kwenye akika ya mjukuu wake, si mjini Isiolo bali Leparua, ambako wakwe zake wana boma. Mimi nilikuwa nimekwisha kuazimia kwenda Mwembe Tayari kukata tikiti ya basi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, akasema, "Mjomba, aibu iliyoje upande basi na mimi nina gari! Nitakupeleka mpaka mlangoni." Dada yangu akafurahi, nami nikafurahi. Hatukujua.

Gari lake ni Subaru Impreza ya miaka ya tisini, yenye turbo. Alilinunua likiwa limechakaa kwa mtu aliyelinunua likiwa limechakaa, akalitengeneza kidogo kidogo kwa mshahara wake wa bandarini. Simcheki kwa hilo. Nasi tulikuwa vijana, na tulikuwa na mapenzi yetu. Wakati wa Pasaka tulikuwa tukiigandia redio kusikiliza Safari Rally, na jina la Shekhar Mehta, aliyeshinda mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, tulilijua kuliko majina ya mawaziri. Vijana wa leo wamerithi penzi lile lile ila limehamia kwenye Subaru, na lina sababu. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza wa nne katika Safari ya 1994 akiwa na Impreza. Colin McRae akaja kushinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Kwa hiyo kijana wa Mombasa akipita na Subaru lake likinguruma kama simba mwenye mafua, anajiona yumo katika msafara huo.

Sasa, lile gari lilikuwa na ila moja. Ukiwa katika foleni ya Makupa, mwendo wa kobe, ukigusa kanyagio kidogo tu linashtuka, kisha linazubaa, kisha linashtuka tena. Abiria hutikisa kichwa mbele na nyuma kama mtoto wa chuoni anayehifadhi juzuu. Mpwa wangu akaenda kwa muuza vipuri mmoja akamweleza. Yule bwana hakufunua boneti. Alisema papo hapo, "Dawa yake ni throtobodi kubwa. Koo la kiwandani ni jembamba, injini inakosa pumzi. Tia kubwa, gari litakuwa laini kama hariri." Akamwuzia na chujio la hewa la wazi, lile lenye umbo la pia lisilo na sanduku, kwa kuwa koo kubwa, ati, linataka na pua kubwa.

Hapa naomba nisimame nieleze, kwa kuwa nilipomwuliza mpwa wangu kitu hicho ni nini hasa, hakuweza kunieleza vizuri, na alikuwa amekwisha kukilipia.

Sote tunasema "kanyaga mafuta." Twamwambia dereva, "Kanyaga mafuta twende!" Basi jueni, enyi wasomaji, kwamba katika gari la petroli mguu wa dereva haukanyagi mafuta. Unakanyaga pumzi. Petroli haiwaki peke yake. Kila gramu moja inataka gramu zipatazo 14 na nusu za hewa ndipo iungue sawasawa. Hewa hiyo hupita katika bomba, na ndani ya bomba mna kibati cha duara kama sarafu kubwa, kimechomekwa katika kijiti, kinazunguka. Kikilala upande mmoja kimeziba njia, kikigeuka kimefungua. Nyumba ya kibati hicho ndiyo throtobodi. Mguu ukishuka, waya unavuta, kibati kinageuka, hewa inaingia, vipimo vya gari vinajua imeingia kiasi gani, na mafuta yanafuata nyuma kama maamuma anavyomfuata imamu. Katika magari mapya hata waya haupo. Kanyagio hutuma habari kwa kompyuta, na mota ndogo ndiyo inayogeuza kibati. Dizeli ni kinyume chake. Katika dizeli za zamani, zile za malori na Land Cruiser za kaskazini, mguu unaamuru mafuta, na hewa huingia tele bila bawabu. Kwa hiyo wenye dizeli ndio wanaokanyaga mafuta kwa haki. Sisi wengine tunasema tu.

Turudi safarini. Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri. Throtobodi mpya ilikuwa imefungwa juma moja kabla. Kusema kweli, katika lami iliyonyooka baada ya Voi, gari lilikuwa tamu. Ukigusa, linaruka. Mpwa wangu akanitazama kwa jicho la pembeni, akacheka, nami nikasema "Mashaallah" kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Lakini kila tulipoingia mjini, kwenye matuta na watembea kwa miguu, lile ruko lilikuwa si utamu tena. Zamani lilikuwa likishtuka na kuzubaa. Sasa lilikuwa likishtuka na kushtuka. Na likisimama, injini ikinguruma bila kukanyagwa, mlio ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe, kama mtu anayeota ndoto mbaya.

Tulilala Nairobi, tukapita Karatina na Nanyuki, tukapanda Timau, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Mpwa wangu akaniambia kwamba hapo ndipo koo pana litaonyesha kazi yake. Halikuonyesha kitu. Hewa iliyoko nje ikiwa haba, mlango mpana hauiongezi. Turbo ndiyo inayofanya kazi ya kuisukuma ndani, na turbo ilikuwa ni ile ile ya zamani. Kisha tukateremka Isiolo.

Asiyepajua Leparua ajue kwamba ni katika kaunti ya Isiolo, kaskazini ya Mlima Kenya, jirani na hifadhi ya Lewa wanakolindwa vifaru. Ni nchi ya migunga, vumbi, na laga, yaani mito isiyokuwa na maji isipokuwa mvua ikinyesha. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu. Wanakaa humo Waturkana, Wasamburu, Waborana na Wasomali, kila kaumu na lugha yake, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, Kiswahili kikavu kisichokuwa na mapambo, lakini kinafika. Wenyeji wameifanya nchi yao kuwa hifadhi ya jamii, ng'ombe na ngamia na wanyama wa mwitu wakigawana malisho. Lami imefika Isiolo na kuendelea mpaka Moyale. Ukiiacha lami hiyo kuelekea Leparua, umeiacha kweli kweli.

Tulifika salama kwa kwenda polepole mno, jua likiwa juu, na mawe yakitugonga tumbo la gari njia nzima. Akika ilikuwa ya heshima. Mbuzi wawili walichinjwa, mtoto akanyolewa, tukala, tukasoma dua, na maziwa ya ngamia niliyapokea kwa mikono miwili ingawa tumbo langu la pwani lilikuwa na maoni yake.

Ilipokuwa kiasi cha saa mbili usiku akaja mwanamke wa Kiturkana na mtoto mgongoni, mvulana wa miaka minne hivi. Mtoto alikuwa na joto la moto, na njiani alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili. Gari la mizigo linalotegemewa hapo lilikuwa limekwenda Isiolo na halirudi mpaka kesho. Pikipiki ilikuwepo moja, haina taa. Macho ya watu wote yakageukia Subaru. Mpwa wangu alisimama kabla hajaambiwa, hilo namhesabia. Tukampakia mama na mtoto nyuma, mimi mbele, na mwenyeji mmoja wa kutuonyesha njia.

Laga ya kwanza hatukuivuka.

Mchanga unataka mguu wa mtu anayembembeleza mgonjwa. Ukikanyaga kwa ghafla, magurudumu yanazunguka pale pale na kuchimba. Ukiachia kwa ghafla, gari linazama katika shimo ulilolichimba mwenyewe. Mpwa wangu alikuwa anajua hayo, si mjinga. Lakini kila alipogusa kanyagio kwa ncha ya kidole, lile koo jipya lilifunguka zaidi ya alivyoomba, injini ikaruka, magurudumu yote manne yakarusha mchanga juu ya boneti. Akiachia, injini inazimika kabisa. Akiwasha, mlio unapanda, unashuka, unapanda. Mara tatu, mara nne, mara sita. Gari likakalia tumbo. Nyuma mama hakusema neno. Mtoto akaanza kukoroma ule mkoromo ambao kila mzazi wa pwani anaujua, nami nikawa nasoma niliyojaaliwa kuyasoma, huku nikimlaani moyoni mtu aliyesema neno "hariri."

Waliokuja kutusaidia walikuwa vijana wa boma, na mzee mmoja aliyekuwa zamani dereva wa malori ya mifugo ya njia ya Moyale. Alikuja na tochi na fimbo, akasikiliza ule mlio akatikisa kichwa.

"Ustadh," akaniambia, "hii gari imelewa?"

Nikamweleza kwa ufupi. Hakushangaa. Akamwambia mpwa wangu, "Kijana, toa kiatu."

Mpwa wangu alikuwa amevaa raba zenye soli nene kama tofali. Akavua. Mzee akasema, "Na soksi." Kisha akawaambia vijana watoe upepo magurudumuni, akiyabonyeza kwa kidole gumba, mpaka tairi zikatanuka chini kama unyayo wa ngamia. Mchanga ukachimbwa mbele ya magurudumu kwa sufuria iliyotoka kwenye akika yetu. Halafu akamwambia aondoke na gia namba mbili, si namba moja, ili nguvu isije yote kwa pamoja, na mguu mtupu usikanyage bali uegemee tu. "Usikie chuma na nyama ya mguu," alisema. "Ikitaka kuruka, usiinyang'anye. Iache ipumue."

Watu wanane wakasukuma. Tukatoka.

Kutoka hapo mpaka lami mpwa wangu aliendesha pekupeku, jasho likimtiririka. Tulikuwa tumepoteza kadiri ya saa nzima katika laga ile. Tulifika Isiolo, mtoto akapokewa hospitali, akatundikiwa maji, na asubuhi aliomba chai. Alhamdulillahi. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi usiku ule nikiwaza habari ya saa ile moja. Mtoto mwingine asingekuwa nayo.

Sasa yaje maoni yangu, na vijana waniwie radhi.

Throtobodi kubwa ina mahali pake, sikatai. Injini ikiwa imeongezewa turbo kubwa, bomba la ekzosi limepanuliwa, vinyunyizio vya mafuta vimebadilishwa na kompyuta ya gari imeandikwa upya kufuata hayo yote, hapo huenda koo la kiwandani likawa ndilo linalobana, na kulipanua ni haki. Lakini koo kubwa juu ya injini ya kawaida halizai nguvu. Linabadili hisia ya mguu tu. Tazameni hesabu, nami si mtu wa hesabu. Mdomo wa milimita 60 ukiufanya 65, kwa jicho umeongeza milimita 5 tu. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 17 hivi. Maana yake ni kwamba kibati kikigeuka kidogo tu, hewa inayoingia ni nyingi kuliko zamani. Na ile iliyonunuliwa na mpwa wangu ilikuwa na gurudumu la waya lililochongwa lifungue kwa haraka zaidi, basi ikawa haraka juu ya upana. Dereva anagusa, gari linaruka, naye anadhani amepata farasi wapya. Farasi ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba wanachapwa mapema. Akikanyaga mpaka chini kabisa hapati zaidi, kwa kuwa huko hewa inabanwa na turbo, chujio na ekzosi. Ni sawa na kuupanua mlango wa nyumba ya Mji wa Kale huku uchochoro wa kuifikia ni ule ule wa kupishana kwa ubavu.

Na ajabu kubwa ni hii. Hao mashujaa wa Subaru tunaowaiga, walishinda kwa koo lililobanwa. Kuanzia mwaka 1995 sheria za mashindano ya dunia ziliamuru hewa yote inayoingia katika turbo ya magari yale ya mbele ipite katika tundu lisilozidi milimita 34. Milimita 34! Chukua rula upime. Hata upana wa vidole viwili vya mtu mnene haujai humo. Gari la mpwa wangu, likiwa na throtobodi yake ya kiwandani, lina mlango mpana kuliko huo. Ni kwa tundu hilo McRae aliivuka Safari ya 1997 na matope yake, na Burns ile ya 2000. Wahandisi waliobanwa koo hawakukaa kulia. Walijifunza kuitumia vizuri pumzi waliyopewa, injini ivute ikiwa chini, gari litulie likiwa katika utelezi.

Wako walioshindwa kuvumilia. Mwaka huo huo wa 1995, katika mashindano ya Catalunya kule Hispania, timu ya Toyota ilikutwa imetengeneza kifaa cha werevu mkubwa kilichoruhusu hewa ipite pembeni ya lile tundu, na kikifunguliwa na wakaguzi kinajirudisha mahali pake kama hakikufanya kitu. Walipokonywa pointi zao zote za mwaka ule na kufungiwa miezi 12. Nawaheshimu sana mafundi waliokibuni kile kifaa, kwa namna mtu anavyomheshimu mwizi aliyepita katika tundu la sindano. Lakini waliuza heshima ya timu nzima kwa pumzi ya ziada.

Mambo haya yananikumbusha chuoni. Tulikuwa na mwenzetu mwenye kifua kipana, sauti kama adhana ya msikiti wa Ijumaa. Mwalimu akimwambia asome, alikuwa anavuta pumzi kubwa, anaitoa yote katika maneno ya kwanza, kisha anakatika katikati ya aya mahali pasipokuwa na kituo, na maana inapinduka. Mwingine alikuwa mwembamba, mgonjwa mgonjwa, pumzi yake ndogo, lakini alijua mahali pa kuiweka. Alikuwa akifika mwisho wa aya ndefu na bado ana ya kuanzia nyingine. Mwalimu hakuwahi kumwambia yule mwembamba akatafute koo kubwa. Yule wa kwanza ndiye aliyekuwa akichapwa.

Malalamiko yangu makubwa, lakini, si juu ya kijana. Ni juu ya biashara hii ya kuuza dawa bila kumpima mgonjwa. Tuliporudi Mombasa, nilimshika mpwa wangu mkono nikampeleka kwa fundi mmoja mzee wa Makupa, mtu wa maneno machache, mikono myeusi tangu enzi za kabureta. Hakuuliza habari za throtobodi mpya. Aliuliza, "Ile ya kwanza iko wapi?" Ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha dada yangu. Tukaileta. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni mwa kibati. Kidole kilitoka kikiwa na utando mweusi mzito, mafuta na masizi ya miaka mingi, umejikusanya pale hasa kibati kinapoanza kufunguka. Ndiyo maana gari lilikuwa likishtuka: kibati kilikuwa kinanata, mguu unakisukuma, kinakataa, kisha kinaachia kwa ghafla. Akafunua boneti akapuliza moshi wa sigara karibu na mabomba, akatuonyesha mpira mwembamba uliopasuka, unaovuta hewa isiyopita kwenye kipimo. Ndiyo maana likizubaa.

Dawa ya kusafishia, kitambaa, gaskiti mpya na kipande cha mpira cha urefu wa shibiri. Akairudisha ile ya zamani, akaupima waya usilegee wala usikaze, akairekebisha ile sensa inayoiambia kompyuta kibati kimefika wapi. Chujio la wazi akalitoa pia, akasema mtu aliyekwenda nalo kwenye vumbi la Isiolo ashukuru kama turbo yake haijaanza kulia. Akaturudishia lile sanduku jeusi la plastiki ambalo mpwa wangu alikuwa amelidharau. Fedha alizotaka hazikufika bei ya mbuzi mmoja, hata mbuzi mkonde.

Tulizunguka Makupa katika foleni ile ile, saa ile ile ya watu kurudi kazini. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji mkononi, kwa makusudi, kama mtoto. Hayakumwagika.

Mpwa wangu hajanikubalia yote, na sitaki kuwadanganya kwamba amekubali. Anasema kosa halikuwa la koo kubwa bali la kompyuta ambayo haikuandikwa upya, na fundi mzee nilipomwuliza alisema kijana ana nusu ya haki. Basi nusu hiyo nimempa. Lakini nilimwuliza naye swali moja ambalo mpaka leo hajanijibu: yule aliyekuuzia, alikuuliza gari lina ugonjwa gani, au alikuuliza una shilingi ngapi?

Lile koo pana liko kwangu. Liko juu ya meza ninayoandikia, limekaa juu ya mashairi yenu mnayoniletea, upepo wa kusi usiyapeperushe, na kwa kazi hiyo linafaa sana. Juma lililopita mpwa wangu alikuja kulitaka. Amepata mnunuzi, kijana wa Kisauni mwenye Impreza kama yake, linashtuka katika foleni. Nimemwambia silitoi mpaka kijana huyo aje kwanza mwenyewe, na aje na throtobodi yake ya zamani mkononi. Kitambaa na dawa ya kusafishia nimekwisha kununua.